Hoteli Isiyo na Kitanda

Bango la mahali ninapotaka kupatathmini lina neno moja tu, HOTEL, lililopakwa kwa rangi nyekundu kwenye bati jeupe. Zamani neno hilo lilitanguliwa na jina, lakini jua na mvua za Kisumu zimelifuta kiasi kwamba hata mwenye hoteli anakumbuka tu kuwa lilianza kwa herufi N, kwa sababu bango alilirithi pamoja na meza kutoka kwa mpangaji aliyemtangulia. Wateja humwita Mama, nami nitamwita hivyo hivyo. Anayetaka kufika na alitafute bango hilo katika vichochoro vilivyo kati ya soko la Kibuye na hospitali kuu ya rufaa ambayo wakazi wa mji huu bado huiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Akipotea, aulize palipo na supu ya alfajiri; ataonyeshwa.

Nimekula hapo mara sita katika muda wa miezi minne, nikilipa kama mteja mwingine yeyote, lakini mara ya kwanza sikwenda kula. Nilikuwa nimetoka Nakuru kumpokea shemeji yangu, mtu wa Bukavu, mwalimu wa sekondari aliyesomeshwa kwa Kifaransa tangu utotoni na ambaye Kiswahili chake ni kile cha kwao, chenye ladha tofauti na chetu. Basi la Kampala lilimshusha saa nne na nusu za usiku, miguu imemvimba na simu imezimika. Alipoliona neno HOTEL chini ya taa alinitangulia mbio, akatua mkoba wake karibu na meko, akauliza chumba ni bei gani. Mama alimtazama, akanitazama na mimi, kisha akasema kwa upole: "Baba, hapa ni hoteli. Vyumba hakuna. Kuna ngege, kuna matumbo, ugali upo, omena imekwisha."

Shemeji alidhani anafanyiwa mzaha. Aliligeukia bango, akalisoma tena herufi kwa herufi, akauliza kama hilo si neno lile lile linaloandikwa juu ya majumba ya ghorofa huko kwao, ambako mtu hupewa ufunguo na taulo. Ilinibidi nimweleze jambo ambalo sisi tuliozaliwa Kenya hatulioni kuwa linahitaji maelezo, na nilipokuwa nikimweleza ndipo nilipotambua kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kulifikiria.

Kwetu hoteli ni mahali pa kula. Mtu akisema kwamba anakula hoteli, tunaelewa kuwa ama hajaoa ama nyumbani hakuna amani. Mzazi anapowakemea watoto waliokunja pua mbele ya sukuma wiki, akawaambia kwamba hapa si hoteli, hafikirii vitanda hata kidogo. Anawakumbusha kwamba katika nyumba yake hakuna orodha ya kuchagulia chakula. Palipo na vitanda tunapaita lojing'i, au gesti kama wasemavyo majirani zetu wa Tanzania, na ndiyo maana mabango ya miji midogo ya magharibi huandika maneno yote mawili kando kwa kando, hoteli na lojing'i, jambo ambalo Mwingereza angeliona kuwa ni kurudia kitu kimoja mara mbili. Neno la Kiswahili lililo rasmi zaidi, mkahawa, lilitokana na kahawa, nayo kahawa ilitoka kwa Waarabu, na Wakikuyu wa kule ninakoishi walilichukua wakalifupisha wakasema mukawa. Lakini ukiuliza mkahawa uko wapi katika vichochoro vya Kibuye, utatazamwa kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

Nao ukaidi huu si wetu peke yetu. Katika India ya kusini na Sri Lanka, mahali padogo pa wali na mchuzi huandikwa "hotel" bila mtu kutarajia godoro, na huko Australia neno hilo hilo limebandikwa juu ya baa nyingi ambazo wateja wake hawajui hata ngazi ya kupandia vyumbani iko upande gani, kwa sababu sheria za zamani za leseni zilimtaka muuza pombe awe pia na nafasi ya kulaza wageni. Kwa mji kama Kisumu, uliofikiwa Desemba 1901 na reli iliyojengwa na maelfu ya vibarua kutoka India, ujirani huo wa matumizi haunishangazi.

Turudi mezani, maana Mama hakutuacha tusimame. Alituambia tukae tule kwanza, kisha kijana wake atatupeleka mahali pa kulala panapoaminika, kwa kuwa usiku ule haukuwa wa kutangatanga na mikoba. Tulinawishwa mikono kwa maji ya moto kutoka kwenye birika, mhudumu akiinama na beseni mbele ya kila mmoja wetu, akianza na mgeni. Hilo ndilo jambo la kwanza ninaloipa hoteli hii alama za juu, kwa sababu siku hizi hoteli nyingi za mjini zimefunga bomba ukutani na kumwachia kila mtu ashughulike mwenyewe, na ingawa bomba ni safi zaidi kwa hesabu ya daktari, birika lina adabu yake.

Ngege wa hapa ndiye sababu ya mimi kurudi. Hukaangwa kwanza hadi ngozi ikakamae, kisha huingizwa katika mchuzi wa nyanya na vitunguu kwa muda mfupi tu, ili mchuzi uingie kwenye mikato iliyochanjwa ubavuni bila nyama kulainika ikawa kama uji. Wapishi wengi hukosea hapo: ama humwacha samaki kwenye mchuzi hadi avunjike, ama humwagia mchuzi juu dakika ya mwisho ukawa kama mvua juu ya bati. Samaki huja na kichwa chake, na nimeona wateja wakiacha ubavu mzima ili waanze na mashavu. Mama hununua samaki wa ziwani kutoka kwa wachuuzi wanaoteremka Dunga, na siku ambazo hawapatikani hukwambia hakuna, akakuuzia mgongo wazi, yaani lile fupa la mbuta linalobaki viwanda vikishachukua minofu. Katika mji ambao samaki wa barafu kutoka China wamejaa sokoni na huuzwa mara nyingi bila kutajwa asili yao, neno "hakuna" lina thamani kuliko linavyosikika.

Ugali ni wa aina mbili. Ule mweupe wa mahindi ni wa kawaida, mgumu kama wapendavyo watu wa ziwa, na siwezi kuusifu wala kuulaumu. Ule wa mtama uliochanganywa na muhogo ni habari nyingine: mweusi, mzito, wenye uchachu wa mbali, unaokwenda vizuri mno na omena na kuharibika kabisa ukiliwa na maharagwe. Mboga hubadilika kwa siku. Mnavu, ambao hapa huitwa osuga, huchemshwa na maziwa hadi uchungu wake ubaki kidogo tu, na mrenda hupikwa na kunde ili usiteleze kupita kiasi. Sahani ya ngege wa wastani, ugali na mboga niliilipia shilingi 300. Chai ni 30, chapati 20. Chai, kwa masikitiko, hutiwa sukari jikoni bila kuulizwa, na ni tamu kiasi cha kumfanya mtu asahau alichokula.

Ni katikati ya mlo huo ndipo shemeji, tumbo likiwa limeanza kumtuliza, alipokubali kwamba pengine neno halikuwa limekosewa. Alinichorea kwenye karatasi ya kufutia mikono namna Wafaransa wanavyoliandika, "hôtel", yenye kofia ndogo juu ya o. Kofia ile, alisema, ni kaburi la herufi. Kifaransa cha kale kiliandika "hostel", herufi s ikanyamaza vinywani mwa watu kwa karne nyingi, na kamusi ya Académie française ya mwaka 1740 ilipoamua kuziondoa herufi za namna hiyo katika maneno mengi, iliziwekea kofia kama alama ya ukumbusho. Na hata leo, aliendelea, si kila hôtel ya Wafaransa inalaza watu. Hôtel de Ville ni ofisi za manispaa, na anayekwenda huko hufuata hati, hafuati mto wa kulalia. Hôtel des Invalides ya Paris ilianzishwa na mfalme Louis XIV mwaka 1670 kwa ajili ya askari wazee na waliolemazwa vitani. Na Hôtel-Dieu, iliyo karibu na kanisa la Notre-Dame, ni hospitali.

Aliposema neno hilo la mwisho, nilitazama nje ya mlango kuelekea Russia.

Nimelifuatilia jambo hili baadaye kwa utulivu, nikaona kwamba shemeji alikuwa na haki kuliko alivyojua. Wafaransa walilitoa neno lao katika Kilatini cha zama za kati, "hospitale", lililomaanisha nyumba ya kupokelea wageni, na hasa mahujaji, maskini na wagonjwa, kwa sababu katika zama zile msafiri na mgonjwa walihitaji vitu vile vile, yaani paa, mchuzi wa moto na mtu wa kuwaangalia. Waingereza nao wakalikopa kutoka Kifaransa mara tatu kwa nyakati tofauti, kama mtu anayerudi kwa jirani kuomba chumvi akisahau kwamba ya jana hajairudisha. Mara ya kwanza walipata "hospital", wakaiacha taratibu ielekee upande wa wagonjwa. Walipata pia "hostel", ambayo ilififia kwa muda mrefu kisha ikafufuliwa mwanzoni mwa karne ya 19. Na katikati ya karne ya 17 wakaja kuchukua "hotel", wakati huo ikimaanisha jumba kubwa la bwana wa Kifaransa. Maana ya nyumba ya wageni ya hali ya juu ilikuja baadaye, katika miaka ya 1760. Kisha nasi, tulipokuwa tukikopa kutoka kwa Waingereza, tukachukua zote tatu bila kujua kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Mwanafunzi wa Maseno anayekaa hosteli, anayekula hoteli, na anayekimbizwa hospitali kwa kula hoteli mbaya, ametumia neno moja mara tatu.

Ukichimba zaidi unafika kwenye "hospes" ya Kilatini, na hapo ndipo mambo yanapopendeza. Neno hilo lilimaanisha mgeni na pia lilimaanisha mwenyeji. Mtu aliyeingia na mtu aliyefungua mlango waliitwa kwa jina moja, kwa kuwa aliyekaribishwa leo alidaiwa kukaribisha kesho. Jamaa yake wa karibu, "hostis", lilianza likiwa na maana ya mtu wa kuja, likaishia kuwa adui. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Sisi tumetenganisha mgeni na mwenyeji kwa maneno mawili, lakini tumeacha mgeni abaki na sura zote mbili za kwanza, mtu tusiyemjua na mtu tunayemchinjia kuku, bila kumfikisha kwenye uadui. Na tunao msemo ambao Mlatini wa kale angeuelewa bila kutafsiriwa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni, mwenyeji na uponyaji vimekaa katika maneno manne, kama vilivyokaa katika "hospitale".

Sikuyaandika haya ili nijionyeshe kuwa msomi. Nimeyaandika kwa sababu nimewahi kusoma malalamiko ya wasafiri kwamba vijumba vya chakula vya Kenya hujipachika jina la hoteli kwa kujikweza, na kila ninapolifikiria bango la Mama nayaona malalamiko hayo kuwa ya haraka. Jengo ambalo hudaiwa kuwa la kwanza Uingereza kutumia neno hili lilikuwa Exeter, karibu na kanisa kuu la mji huo. Lilijengwa mwaka 1769, na mwaka uliofuata msimamizi wake, aliyekuwa Mfaransa, alilitangaza gazetini kama nyumba ya kahawa, ya kulala na ya vinywaji, kwa jina la The Hotel, bila jina jingine lolote. Lilipoteketea kwa moto Oktoba 2016 lilikuwa limeshapata jina refu la kifahari, lakini lilianza kama la Mama: neno moja ukutani, na kahawa ikatajwa kabla ya kitanda.

Hata sheria ya Uingereza inamtetea. Sheria ya mwaka 1956 kuhusu wenye hoteli inaieleza hoteli kuwa ni mahali ambapo mwenyewe anajitangaza kutoa chakula, kinywaji na, ikihitajika, malazi, kwa msafiri yeyote atakayejitokeza akiwa katika hali inayofaa kupokewa na anayeonekana kuwa tayari kulipa kiasi cha haki, bila kudai mkataba wa pekee. Usiyasome maneno hayo harakaharaka. Chakula ndicho kilichotangulia. Kitanda kimewekewa sharti. Na kiini cha sheria hakiko katika idadi ya vyumba, bali katika wajibu wa kutomfukuza mtu aliyefika mlangoni. Ni kweli kwamba Mama angeshindwa mbele ya hakimu wa London kwenye lile suala la malazi; lakini kwenye suala la kumpokea yeyote anayejitokeza, nimemwona akimpokea saa nne na nusu za usiku mtu aliyevimba miguu, aliyekuja kumuuliza kitu asichokuwa nacho.

Kijana wake alitubebea mkoba hadi lojing'i moja iliyo mwendo wa dakika saba, akasubiri mpaka tukafunguliwa, na alipokataa shilingi 100 nilizompa alisema kwamba mama yake angemuuliza. Lojing'i yenyewe sitaitaja. Ilikuwa na vitanda viwili, mashuka safi na kufuli inayofanya kazi, na aliyetupokea hakutuambia hata neno la usiku mwema. Alisukuma daftari kwenye tundu la dirisha, akachukua pesa, akarudi kwenye simu yake. Shemeji alilala kama gogo, lakini asubuhi aliniambia kwamba kwao hilo ndilo wangeliita hoteli, na kwamba sasa hana hakika kama wangekuwa sahihi.

Tulirudi kwa Mama kabla ya saa kumi na mbili, na ni saa hiyo ndipo mtu anapoielewa biashara yake ilivyo. Wateja wa alfajiri si wafanyabiashara wa Kibuye, ambao hufika baadaye kidogo, bali ni jamaa za wagonjwa: kina mama wenye vikapu, wanaume waliolala kwenye viti, wasichana waliotumwa na shangazi kutoka Siaya au Vihiga wakiwa na chupa za chai za kujaziwa. Mama huwapikia uji wa wimbi usio na sukari kwa wenye kisukari, na supu ya mifupa iliyochujwa mafuta kwa waliofanyiwa upasuaji, naye huuliza mgonjwa ana nini kabla ya kuuliza unataka ya bei gani. Supu ya kawaida ni shilingi 70. Ya mgonjwa ni 50. Nilipomuuliza kwa nini ile inayomchosha zaidi ndiyo ya bei nafuu, alinijibu kama mtu anayejibu swali la mtoto: "Kwani mgonjwa anakula mingapi, mwalimu?"

Nitasema neno moja kuhusu supu yenyewe, kwa kuwa inastahili. Huchemshwa usiku kucha juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, haina unga wala viungo vya paketi, na huletwa na ndimu iliyokatwa pamoja na pilipili kichaa kwenye kisosi. Wafaransa wa karne ya 18 walikuwa na mchuzi wa namna hii waliouita "restaurant", yaani kile kinachorudisha nguvu, na jina likahama kutoka kwenye bakuli likaenda kwenye nyumba ilimouzwa. Kwa hiyo mwenye kutaka kuliita duka la Mama "restaurant" badala ya hoteli naye ana hoja, lakini asidhani kwamba amelipandisha cheo.

Kasoro zipo, na si ndogo zote. Ukienda saa saba mchana jiandae kusubiri. Mara ya nne nilikaa dakika 50 kabla ya samaki kufika, na hakuna aliyeniambia kwamba jiko moja lilikuwa limepasuka. Viti vya mbao havina egemeo, na mtu mwenye mgongo mbaya hatakaa kwa raha. Choo kiko nyuma, kinatumiwa na wapangaji wa ploti nzima, na ufunguo wake hutafutwa kila mara kana kwamba umeitwa kwa mara ya kwanza. Kulipa kwa simu kunawezekana, lakini nambari ya kulipia imeandikwa kwa chaki ukutani na tarakimu yake ya mwisho ilikuwa imefutika. Nusura nitume pesa kwa mtu nisiyemjua. Kuhusu usafi wa jikoni sina lawama. Jiko liko wazi, kila mteja anaona, na leseni ya kaunti pamoja na vyeti vya afya vya wahudumu vimetundikwa mahali panapoonekana na si nyuma ya kalenda.

Kwa nani basi? Simshauri mtu mwenye haraka ya mchana wala mwenye mkutano unaohitaji utulivu, kwa kuwa redio haizimwi. Namshauri anayetaka ngege aliyepikwa na mtu anayemjua samaki, anayemuuguza jamaa Russia, na msafiri aliyefika usiku asijue pa kuanzia. Kwa chakula naipa nne kati ya tano, kwa muda wa kusubiri mbili. Kwa ukarimu nisingejua pa kuikata alama.

Jambo dogo la matamshi, ambalo wengine hawatalijali. Waingereza wa kizazi cha zamani walilitamka neno hili bila h, kwa kuwafuata Wafaransa, na ndiyo maana vitabu vyao vya zamani vina "an hotel". Mpaka leo huweka mkazo kwenye silabi ya mwisho, kinyume na desturi ya maneno mengi ya lugha yao. Kiswahili kilipoongeza i mwishoni, ili neno lisiishie kwa konsonanti, mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho uliangukia pale pale, kwenye "te". Wapo wanaosema mahoteli wanapotaka kutaja zile kubwa zenye bwawa la kuogelea. Kwa hii ya Mama, wingi na umoja ni hoteli tu.

Mara ya sita nilikuta mchoraji wa mabango amekuja na makopo yake ya rangi, kwa kuwa hatimaye Mama alikuwa ameweka akiba ya kuliburudisha bango. Mchoraji alitoza kwa herufi, shilingi 150 kila moja, naye alikuwa akimsihi aandike RESTAURANT, akidai kuwa neno hilo ndilo linalovuta watu wa ofisini. Mama alinigeukia, kwa kuwa aliwahi kuniona nikiandika kwenye daftari mezani, akaniuliza mimi mwalimu naonaje. Nilimwambia kwamba kwa Kiswahili sanifu angeweza kuandika MKAHAWA, au akaongeza I tu ikawa HOTELI. Alihesabu kwa vidole: kumi, saba, sita. Kisha akahesabu zile zilizokuwa tayari juu ya bati, akamwambia mchoraji apake hizo hizo tano, ziwe nyekundu zaidi, na pesa itakayobaki itanunua benchi lenye egemeo.